Kahawa Chini ya Goti

Bregas, katikati ya Novemba

Dada yangu Vitore,

Nimekosa. Naanza na neno hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitasalimu mpaka karatasi iishe, halafu nitaifunga barua bila kusema kitu. Nimemkosea mtu, tena si mmoja, na wewe nimekukosea kwa kunyamaza mpaka ukamwandikia kaka yetu Ndue yale uliyomwandikia mwezi uliopita. Haya, nimeshaandika, siwezi kurudi nyuma. Sasa nikusalimu inavyostahili.

Hujambo, dada? Shemeji hajambo, ule mgongo umemwachia? Marin anaendeleaje na kazi yake ya kupaka rangi nyumba za watu? Sisi huku tu wazima, wa mwili angalau. Mvua imeshika mpaka daraja la chini limefunikwa na tunazunguka kwa kina Pal. Ng'ombe wa wifi yako Lula amezaa jike. Raki ya mwaka huu imetoka kali, wanaume wakiinywa wanaisifu huku wakifuta machozi. Lula anakusalimu sana, na bado anacheka habari ya Marin alipokuja kiangazi. Alimuuliza kama anataka nyama zaidi, kijana akainamisha kichwa chini na juu kama mnavyofanya huko Italia, Lula akaona amekataa, akaondoa sahani. Mtoto alibaki ameshika uma, macho kodo. Mfundishe kabla hajarudi. Mwambie huku kwetu ndiyo ni kutikisa kichwa kushoto na kulia, na hapana ni kukirusha juu, asije akafa njaa nyumbani kwa wajomba zake. Hilo la kichwa lishike, dada. Nitalirudia.

Barua hii siiweki posta. Nitampa dereva wa lori la mbao anayevuka na meli, na nimeshamwambia akukabidhi wewe mkononi, si mwingine. Posta ningeweza kuiamini, lakini siku hizi barua zote za nyumba hii, zinazotoka na zinazoingia, zinapitia kwa Ndue. Anazishika bahasha zako mbele ya taa kabla ya kuzifungua, anapapasa gundi kwa kidole aone kama ilibanduliwa. Siku moja nilimwambia kwa mzaha kwamba wale watu waliokuwa wakifungua barua hawapo tena, ofisi yao sasa wanauza viatu. Akaniuliza ni nani anauza hivyo viatu. Nikamtaja. Akasema, "Si unaona? Ni yule yule, amebadilisha bidhaa tu." Na kweli ni yule yule.

Ndivyo tunavyoishi naye. Hakai penye dirisha. Kahawa anapika mwenyewe, akipikiwa na mtu mwingine anasubiri mpishi anywe kwanza. Mkate anaufunga kwenye kitambaa na kuusukuma chini ya godoro, Lula anautoa ukiwa umeota ukungu. Drane alibadilisha pazia la sebuleni, baba yake akamhoji asubuhi nzima nani kamshauri, kwa nini jeupe, nani ataona nini kutoka barabarani. Msichana wa watu akarudisha lile kuukuu. Na mimi nimeambukizwa, dada. Akiniuliza saa ngapi, nawaza kwa nini ananiuliza mimi saa. Akinisifu, silali.

Juzi aliniuliza kama naongeza kahawa. Mdomo ulikuwa umejaa mkate, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanitazama, kibirika mkononi, akasema, "Wewe Pashk kichwa chako kinaongea kuliko mdomo." Akanimiminia. Nikakipokea kikombe vibaya, kahawa ikamwagika kisahani. Akacheka, akasema nimezeeka. Sijui alimaanisha nini. Huenda hakumaanisha kitu. Lakini ngoja nikueleze kwanza habari ya posa, kwa sababu ulisikia upande mmoja tu, na upande huo ni wa Ndue.

Ni kweli kwamba Llesh, kijana wa Gjeto jirani yetu, anamtaka Drane, na Drane anamtaka yeye. Si jambo la jana. Walikua wakipeana plamu juu ya ua ule ule ambao Gjeto na Ndue walipeana plamu. Mwanzoni mwa Oktoba Gjeto alituma washenga. Ndue akawajibu kwa upole kwamba anayetaka binti yake aje mwenyewe anywe kahawa. Tulifurahi! Lula alifagia mpaka nyuma ya banda. Jumapili Gjeto akaja na shemeji yake, amevaa ile kofia yake nyeupe ya sikukuu, na Llesh akabaki getini na pikipiki, hajui aweke wapi mikono.

Ndue alipika kahawa mwenyewe. Akampa shemeji wa Gjeto kikombe kwa mkono wa kulia, kwa heshima zote. Kisha akachukua kikombe cha Gjeto, akainua goti, akakipitisha chini ya goti.

Vitore, tuliisikia kwa babu tu jambo hilo. Mtu aliyevunja heshima na hajalipa, akinyweshwa kahawa ananyweshwa ya chini ya goti, ajue kwamba nyumba inamjua. Mimi sikuwahi kuliona kwa macho. Shemeji wa Gjeto aliweka kikombe chake chini bila kukionja, mkono ukaenda kiunoni kama vile bado tunaishi zama za bunduki. Gjeto akamshika mkono. Akakitazama kile kikombe, halafu akainua macho. Hakumtazama Ndue. Alinitazama mimi. Kisha akakipokea, akanywa mpaka machicha, akasema, "Sukari umezidisha kidogo, Ndue." Akavaa kofia, akaondoka. Drane alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, tulimsikia akilia.

Walipotoka Ndue alinigeukia macho yanang'aa, mtu aliyeshinda. Akasema niliona mwenyewe: mtu safi angemmwagia kahawa ile usoni, huyu amekunywa, basi amekiri. Ndipo akakuandikia wewe, na wewe ukajibu kwamba mtoto wa nyumba yetu haingii nyumba ya mtu aliyemuuza baba yake. Barua yako aliisoma mezani kwa sauti, akaitia mfuko wa koti, na anaigusa gusa kama mtu anayehakikisha sigara zake zipo. Sikulaumu. Uliamini wanachoamini watu wote.

Drane hakulia tena. Amesema sikukuu ya Mtakatifu Kolli mwezi ujao ikipita atavuka na Llesh kwenda Ugiriki kufanya kazi, baraka au bila baraka. Ndue akajibu kwamba akivuka asirudi, yeye ataishi kama mtu asiye na mtoto, amezoea. Hayo ndiyo maneno yake: nimezoea. Mtu aliyemwacha mtoto anatambaa akamkuta na nywele za kusuka, anataka kumpoteza mara ya pili kwa mkono wake. Na sababu yote ni ile jioni moja, na nani alimtaja.

Wewe wakati ule Ndue alipofungwa ulikuwa umeolewa mjini, na shemeji akakukataza hata kutuma salamu. Hatukukulaumu, doa la jela lilikuwa linaambukiza kuliko upele. Lakini kwa hiyo hukuona, na Ndue hawezi kukusimulia. Nitakusimulia mimi niliyekuwa nampelekea mkate.

Kambi ilikuwa kule juu mgodini, sote tulisema tu "kule juu", jina lake hakuna aliyelitaja. Mama na mimi tulipanda lori la mawe, tukateremka kwenye kona, tukaendelea kwa miguu. Mama alibeba mkate wa mahindi, vitunguu na tumbaku. Askari aliuchoma mkate kwa waya, mara nyingi, bila sababu, mpaka ukawa makombo, kisha akamwambia mama, "Bibi, mkate wako una matundu." Alikuwa anatarajia tucheke. Mama akacheka, dada. Ili amwone mwanawe, alicheka.

Ndue alitoka akiwa na sikio moja limevimba kama uyoga. Alisema aliteleza. Mara ya pili alishika mkate kwa viganja viwili, kama mtoto mchanga, kwa sababu vidole havikujikunja. Walikuwa wanafanya kazi ndani ya maji yanayotoka kwenye mwamba, maji yanayokula nguo na ngozi. Ambaye hakufikisha kiasi cha mawe alichopangiwa alifungwa kwa waya kwenye nguzo uwanjani, mikono nyuma, na kule juu theluji inaanguka mapema. Hilo hakutuambia yeye. Alituambia mzee mmoja wa milima ya Lura aliyeachiwa, alikuja kwetu kwa siri kuleta salamu. Alisema Ndue alifungwa pale kwa sababu alimbebea mwenzake mgonjwa sehemu ya mawe, wote wawili wakapungukiwa. Walipomfungua hakuweza kushusha mikono. Wenzake walimlisha.

Halafu alimaliza kifungo chake. Unakumbuka? Hapana, hukuwepo. Lula alipaka nyumba chokaa. Tukaenda kumchukua na mama amevaa viatu vya kuazima. Tukaambiwa getini kwamba ameongezewa kifungo kingine, kirefu kama kile cha kwanza, akiwa mle mle ndani. Mama aliuliza kosa gani. Wakamwambia aulize mwanawe. Mama hakufika mwisho wa kifungo cha pili, tulimzika Machi ya mvua, na Ndue aliambiwa wakati nyasi zimeshaota kaburini. Aliambiwa na askari wa zamu, katikati ya foleni ya supu, kama mtu anayeambiwa zamu imebadilika.

Kosa lile nililijua baada ya yeye kutoka. Tulikuwa tunapasua kuni. Aliniambia bila kuniangalia kwamba mle ndani kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anasali, midomo haichezi, ila wenzake walijua. Ofisa akamwita Ndue amtaje anayesali, akamwekea kiti, akampa sigara. Akamwambia binti yake ameanza shule, anauliza baba yuko wapi. Akamwambia hataki jina, yeye Ndue si mtu wa kutaja majina, hilo analiheshimu. Atataja yeye ofisa, na Ndue atikise kichwa tu likifika lenyewe. "Kichwa tu, Pashk," aliniambia, na shoka likabaki juu. "Kichwa tu, na nikamwone Drane." Akakaza shingo mpaka majina yakaisha. Walimtupa kwenye chumba cha saruji, blanketi wanampa jioni na kuliondoa alfajiri, halafu wakamfungulia mashtaka mapya. Aliposhusha shoka gogo likapasuka vipande viwili sawasawa. Nikainama kuokota, nikaokota kwa muda mrefu kuliko kuni zilivyokuwa.

Akaniambia pia alivyopitisha miaka. Alikuwa anaiandaa ile meza yetu ya mwisho ya Mtakatifu Kolli kabla hajakamatwa. Alifinyanga vipande vya mkate akatuweka: huyu mama, huyu Lula na mtoto mapajani, huyu Pashk, huyu Gjeto, huyu yeye mwenyewe. Kisha anatuondoa mmoja mmoja, akitafuta aliyemtaja. Mama haiwezekani. Lula haiwezekani. Pashk, akasema, wewe uliapa juu ya mkate mbele ya mama, na ulipanda kule juu kila ulipopata lori. Anabaki Gjeto, ambaye hakuapa na hakuja. Kipande cha Gjeto alikuwa anakila mwisho.

Jioni ile sasa. Unajua sikukuu zilikuwa zimepigwa marufuku, kanisa wamefanya ghala la mbolea. Lakini mama hakuweza kuiacha siku ya Mtakatifu Kolli ipite giza, akafunga madirisha, Ndue akawasha mshumaa mezani, Gjeto akaruka ua na chupa. Picha ya Kiongozi ilikuwa ukutani juu ya vichwa vyetu, kila nyumba ilikuwa nayo. Ndue akainua glasi, akasema, "Mtakatifu Kolli anakuja mara moja kwa mwaka na haji mikono mitupu. Huyu wa ukutani yupo kila siku na hajachangia hata chumvi." Gjeto alicheka mpaka raki ikamtokea puani. Mama alitupiga wote na kitambaa cha mezani, na yeye anacheka. Haikuwa zaidi ya hapo. Chumvi. Kwa chumvi ile Ndue alikwenda na nywele nyeusi.

Baada ya kukamatwa kila mtu alimtazama mwenzake. Mama aliweka mkate na chumvi mezani akatuita, mimi na Gjeto. Mimi niliapa. Nilisema, jina la Ndue halikutoka mdomoni mwangu, kama lilitoka mkate huu unikabe. Gjeto alikataa. Alisema mtu aliyekunywa raki ya nyumba hii miaka yote haapishwi kama mwizi wa kuku. Akatoka, na tangu siku hiyo mama hakukanyaga kwake wala yeye kwetu. Kijiji kikamaliza hesabu chenyewe. Llesh alikua akiitwa mtoto wa mdomo, yaani wa msaliti. Shuleni walimtemea mate kwenye daftari.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Gjeto. Alikuwa anakata matawi ya mizabibu, hakuacha kazi. Nilizunguka, nikaongelea mvua, nikaongelea ndama. Akasema, "Pashk, umekuja kunieleza ng'ombe wenu?" Nikamuuliza kwa nini alikunywa kahawa ile. Akasema alikuwa na kiu. Nikamuuliza kwa nini alinitazama mimi. Ndipo akaweka mkasi mfukoni.

Akaniambia kwamba na yeye aliitwa, siku ileile niliyoitwa mimi, saa chache baadaye. Ofisa alimpa kiti, akamwambia hataki maneno, kichwa tu. Gjeto akakaza shingo. Walimpiga kwa ubao mgongoni, ndiyo sababu anatembea ameinamia upande, tulizoea kusema ni machimbo ya chokaa walikompeleka baadaye. Alipokuwa chini yule ofisa alimcheka, akasema haina shida, wameshapata, kijana wa jirani ana shingo laini kuliko yeye.

Kwa hiyo alijua, dada. Alijua siku ile mama alipoweka mkate. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa hasira, sijawahi kumwona hivyo, kwamba nisithubutu kumshukuru. Alisema amenichukia kila siku aliyopita mbele ya karakana na kuniona na mikono ya grisi, nimenenepa. Alinyamaza kwa ajili ya mama yetu. Mama alikuwa na mtoto mmoja mgodini, yeye Gjeto angemchukua wa pili kwa mkono gani? Na angeapa yeye, nani mwingine angebaki wa kushukiwa mezani? Nilijaribu kumshika mkono, akaurudisha nyuma. Akasema mama sasa amelala, na mdomo ni wangu, yeye hatasema kwa niaba yangu. Ila aliongeza neno moja: "Mimi nimekunywa. Mwanangu hanywi."

Sasa nisikilize. Utani wa chumvi ni mimi niliyeutoa nje. Niliupeleka karakana kesho yake, chini ya trekta, kwa sababu ulikuwa utani mzuri na nilitaka wacheke na mimi. Sikusema ni wa nani. Walicheka, ukazunguka, siku ya pili umefika mpaka ofisi ya ushirika. Walichokosa ni mwenye utani tu. Nikaitwa. Ofisa alikuwa mtu wa sauti ndogo, aliniuliza habari ya mama, akaniambia wanatafuta kijana wa kumpeleka kozi ya ufundi mjini na jina langu limetajwa vizuri. Halafu akasema hataki nizungumze, anayezungumza ni mpelelezi, na mimi si mpelelezi. Atataja yeye. Akasema Gjeto. Sikusogea. Akasema Lula. Sikusogea. Akasema kama si hao basi atakuwa mama yenu, mzee yule, na kule wanawake hawawekewi moto. Nikanyanyua kichwa juu: hapana, hapana. Akasema Ndue.

Nikatikisa kichwa. Kushoto, kulia. Polepole kama mtu anayebembeleza mtoto. Hakunipiga, dada. Hakunigusa hata bega. Akaniambia nikale.

Umewahi kujiuliza kwa nini mimi sikufukuzwa karakana? Ndugu za wafungwa wote walipelekwa kwenye matope ya pwani kulima, mimi nikaenda kozi. Watu walisema ni kwa sababu naijua injini. Nilipoapa mbele ya mama nilichagua maneno kama mtu anayechagua mawe ya kukanyagia mtoni: jina halikutoka mdomoni. Na kweli halikutoka. Mkate ule niliula na haukunikaba, na miaka yote nikajiambia, si unaona. Nilipanda kule juu na vitunguu kila nilipopata lori, na Ndue akahesabu safari zile kama ushahidi kwamba mimi ni safi. Mimi nilikuwa nakwenda kuona kama amejua.

Siombi unisamehe kwa barua. Ninachokuomba ni kimoja: usimwandikie Ndue chochote sasa, wala kunitetea wala kunilaani, na usimwambie shemeji. Nataka asikie kwangu, si kwa bahasha anayoipapasa gundi. Nimeshamwomba Drane asubiri sikukuu ipite kama alivyosema, asiondoke siku hata moja kabla. Aliniuliza kwa nini. Ana macho ya baba yake, anashuku kila kitu. Nilimwambia nina zawadi ya kumpa. Akasema hataki blanketi la harusi.

Msalimie shemeji, mbusu Marin, mwambie nyama yake ipo. Wasalimie na watu wetu wote walioko huko. Lula ameniambia nikuombe zafarani kidogo ukipata mtu wa kumpa, ila ukishasoma hii labda hutapenda kunitumia kitu, na nitaelewa.

Tarehe sita Desemba, siku ya Mtakatifu Kolli, nitakwenda kwa Gjeto mchana, nimwombe avuke ua aje mezani kwetu pamoja na mwanawe. Akikataa nitakaa kizingitini kwake mpaka akubali. Jioni Ndue akishawasha mshumaa, kabla mkate haujakatwa, nitasimama mbele yake, mbele ya Gjeto, Lula na watoto wale wawili, na sitatumia kichwa. Nitafungua mdomo niseme: ni mimi, Ndue, ni mimi niliyekutaja. Kisha nitamwomba apike kahawa, na kikombe changu nitakipokea chini ya goti lake, nikinywe mpaka machicha. Cha Gjeto nitampelekea mimi, kwa mikono miwili, nikiwa nimepiga magoti.

Mdogo wako,
Pashk